Fundi Anapotaka Kuhamia Kanada: Je, Jina Lako Limo Katika Fomu?

HEBU wazia jioni kama hii. Watoto wamekwisha kulala. Vyombo vimeoshwa, nawe umeketi kidogo kupumzisha miguu. Mume wako ni fundi umeme hodari. Nyaya zinapoungua, mtaa mzima humwita yeye. Leo anaingia na karatasi iliyokunjwa mfukoni. "Mama watoto," anasema kwa sauti ya chini, "nimeambiwa kuna njia ya Kanada. Wanatafuta mafundi. Nitatangulia mimi, halafu mwakani nitawaita ninyi."

Moyo wako wafanya nini? Labda unafurahi, maana karo ya muhula ujao bado haijapatikana na kodi ya nyumba imepanda. Labda pia unamkumbuka jirani aliyeambiwa maneno hayohayo, na mpaka leo huo "mwakani" haujafika.

Makala hii haikusudii kukuambia kama mhame au mbaki. Hilo ni shauri lenu ninyi wawili. Lakini kuna jambo moja ambalo kila mke wa fundi apaswa kulijua kabla mumewe hajatia sahihi popote. Njia ya kupata ukaazi wa kudumu ni njia ya karatasi, na yale yanayoandikwa katika karatasi hizo tangu mwanzo ndiyo yatakayoamua kama familia itaishi pamoja au itatengana. Kwa hiyo usimwachie mumeo peke yake kazi ya kusoma fomu. Vuta kiti, mketi pamoja.

Ukaazi wa kudumu ni nini?

Wengi wetu tunawafahamu ndugu waliokwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba. Huko mkataba ukiisha, kwa kawaida mtu hurudi nyumbani, hata kama amefanya kazi miaka mingi. Kibali chake kimefungwa kwenye kazi yake.

Ukaazi wa kudumu ni kitu tofauti. Mkaazi wa kudumu wa Kanada bado si raia wa nchi hiyo, wala hapigi kura. Hata hivyo, anaweza kuishi na kufanya kazi kwa mwajiri yeyote bila kuomba kibali kila mara. Akifukuzwa kazi leo, hafukuzwi nchini. Watoto wake husoma katika shule za serikali, na familia hupata matibabu chini ya bima ya afya ya jimbo wanaloishi, ingawa katika baadhi ya majimbo huenda wakangoja hadi miezi mitatu.

Ili asiupoteze ukaazi huo, yampasa awe amekaa Kanada siku zisizopungua 730 katika kila miaka mitano. Na akiisha kukaa siku 1,095 katika miaka mitano kabla ya kuomba, anaweza kuomba uraia akitimiza masharti mengine. Basi unaona kwamba hilo si jambo la mkataba wa miaka miwili. Ni jambo la maisha ya watoto wenu.

Mpango wa mafundi stadi

Zamani mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji uliwapendelea sana watu wenye shahada za chuo kikuu. Fundi aliyejifunza kazi yake kwa mikono alijikuta nje, ingawa mafundi walihitajiwa. Kwa sababu hiyo serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa pekee kwa ajili ya mafundi tarehe 2 Januari 2013. Kwa Kiingereza unaitwa Federal Skilled Trades Program. Tangu Januari 2015 maombi yake yamepitia mfumo wa kompyuta uitwao Express Entry.

Ni mafundi gani wanaohusika? Orodha ni ndefu. Wamo mafundi umeme, mafundi bomba, wachomeleaji wa vyuma, maseremala, waashi na makanika wa mitambo mikubwa. Wamo pia wapishi, wakata nyama wa buchani na waokaji mikate. Akina mama, kumbukeni hao wa mwisho, maana tutawarudia. Ususi na ushonaji wa nguo havimo katika mpango huu.

Masharti makubwa ni haya:

• Uzoefu. Fundi awe amefanya kazi hiyo kwa malipo angalau miaka miwili, yaani jumla ya saa 3,120, katika miaka mitano iliyotangulia ombi lake. Mtu aliyejiajiri aweza kuhesabiwa pia, mradi tu awe na ushuhuda wa watu wengine, wala si neno lake peke yake.

• Lugha. Afanye mtihani wa Kiingereza au Kifaransa unaotambuliwa. Katika kipimo cha Kanada apate kiwango cha 5 katika kuzungumza na kusikiliza, na kiwango cha 4 katika kusoma na kuandika. Kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa, hiyo ni nafasi nzuri. Matokeo ya mtihani hudumu miaka miwili tu.

• Ajira au cheti. Awe na ahadi halali ya ajira ya kutwa, ya angalau mwaka mmoja, kutoka kwa mwajiri wa Kanada. Ama awe na cheti cha ufundi kilichotolewa na mamlaka ya Kanada yenyewe.

• Mahali. Akusudie kuishi nje ya Quebec. Jimbo hilo huchagua wahamiaji wake kwa utaratibu wake lenyewe.

Huenda utashangaa kwamba hakuna sharti la kisomo. Mtu asiyemaliza sekondari hazuiwi na mpango huu, ingawa kisomo humwongezea alama.

Mlango mwembamba uko wapi?

Mafundi wengi husoma masharti hayo na kusema, "Ninayo yote!" Wana cheti cha NITA kutoka Kenya au cha VETA kutoka Tanzania, nao hudhani hilo latosha. Hapo ndipo wengi hukwama.

Cheti cha nyumbani ni kizuri, nacho husaidia kuthibitisha ujuzi. Lakini sharti la tatu hutaka cheti cha Kanada. Huko kila jimbo hupima mafundi wake lenyewe. Fundi hupeleka ushahidi wa saa alizofanya kazi, na akikubaliwa hufanya mtihani. Ufundi zaidi ya 50 una mtihani wa pamoja unaotambuliwa nchi nzima, uitwao Red Seal, yaani Muhuri Mwekundu. Mtihani huo una maswali 100 hadi 150 ya kuchagua jibu, na kufaulu ni kupata asilimia 70. Ni wa Kiingereza au Kifaransa, na hutumia kanuni za ujenzi na vipimo vya Kanada, si vya kwetu. Zaidi ya hayo, kwa kawaida fundi hulazimika kusafiri mpaka jimbo lenyewe ili apimwe.

Na huyo mwajiri wa Kanada je? Naye si rahisi kumpata ukiwa mbali. Ndiyo maana ahadi za kazi huuzwa mitaani, jambo ambalo tutalizungumzia baadaye.

Kuna jambo jingine. Kutimiza masharti si sawa na kuitwa. Anayetimiza masharti huingizwa katika orodha, hupewa alama, kisha hungoja. Serikali huwaita wenye alama za juu. Tangu 2023 kumekuwa na miito ya pekee kwa ajili ya mafundi. Katika mwito wa kwanza wa namna hiyo, tarehe 3 Agosti 2023, waliitwa watu 1,500, na alama ya chini ilikuwa 388. Katika mwito wa Septemba 2025 waliitwa 1,250, na alama ya chini ilikuwa imepanda hadi 505. Umri nao hupimwa. Alama kamili za umri ni za mwenye miaka 20 hadi 29. Kuanzia 30 zinapungua, na kuanzia 45 hakuna hata moja.

Njia nyingine za halali

Mlango huo ukiwa mgumu, si kwamba hakuna mwingine. Majimbo mengi yana mipango yao ya kupendekeza wafanyakazi wanaowahitaji. Anayependekezwa na jimbo kupitia Express Entry huongezewa alama 600, na hapo kuitwa huwa karibu hakika.

Majimbo manne ya pwani ya mashariki, yaani New Brunswick, Nova Scotia, Prince Edward Island na Newfoundland na Labrador, yana mpango wao wa pamoja. Ulianza kwa majaribio mwaka 2017 na kufanywa wa kudumu mwaka 2022. Huko mwajiri aliyeidhinishwa na jimbo humpa fundi ajira, na fundi huomba ukaazi kutokana na ajira hiyo.

Wengine hutangulia kwa kibali cha kazi cha muda. Wakiisha kufanya kazi ya ufundi mwaka mmoja ndani ya Kanada, huweza kuomba ukaazi kwa njia ya uzoefu huo wa Kanada. Njia hii imewafaa wengi. Lakini, mama, uijue vizuri, maana ndiyo ile ya "nitatangulia mimi." Kibali cha muda si ukaazi. Mara nyingi humfunga mtu kwa mwajiri mmoja. Na tangu tarehe 21 Januari 2025, si mke wa kila mfanyakazi anayepewa kibali cha kufanya kazi pamoja na mumewe. Hutegemea aina ya kazi ya mume, na kibali chake kiwe kimebaki na angalau miezi 16. Basi mume akisema "mwakani," ulizeni kwanza: kazi yake imo katika orodha hiyo?

Jina lako na majina ya watoto

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo lenyewe.

Fomu ya ukaazi huuliza: Je, una mke? Una watoto? Huuliza juu ya wote, wanaosafiri na wasiosafiri. Yupo rafiki atakayemshauri mumeo hivi: "Andika huna mke. Mambo yataenda haraka, na fedha za kuonyesha zitapungua. Ukifika utamwita." Ushauri huo umevunja nyumba nyingi.

Sheria ya Kanada yasema kwamba mtu wa familia ambaye hakutajwa, na kwa hiyo hakukaguliwa wakati wa ombi, hawezi kuitwa baadaye kama mke au mtoto wa yule mkaazi, isipokuwa katika hali chache. Yaani mume aliyeandika kwamba hana mke amejifungia mlango wake mwenyewe. Miaka mitatu baadaye, akiwa na nyumba na kazi nzuri, anaandika barua ya kumwita mkewe, naye ajibiwa kwamba mke huyo hakuwapo. Isitoshe, udanganyifu ukigunduliwa, mtu aweza kuzuiwa kuingia Kanada kwa miaka mitano, na aliyekwisha kupata ukaazi aweza kunyang'anywa.

Kutajwa hakumaanishi kwamba lazima msafiri siku moja. Mke na watoto waliomo katika ombi wanaweza kusafiri pamoja na baba au kumfuata kabla viza zao hazijaisha muda, ila wasimtangulie. Na hata yule atakayebaki nyumbani kwa sasa, lazima atajwe na apimwe afya. Hilo humlinda, ili siku moja aweze kuitwa.

Mtoto anayehesabiwa ni yule aliye chini ya miaka 22 na ambaye hajaoa wala kuolewa. Kama una kijana wa miaka 20, angalia kalenda. Umri wake huhesabiwa kwa tarehe ombi kamili linapopokewa.

Vipi mabadiliko yakitokea katikati? Umeshika mimba, au mlikuwa wachumba na mmefunga ndoa huku ombi likiendelea? Lazima idara ya uhamiaji ya Kanada iarifiwe kabla mume hajaingia nchini kama mkaazi. Wapo waliooa wiki chache kabla ya safari, wakanyamaza, na mke akaachwa nje ya sheria kwa sababu ya ukimya huo tu.

Na mtoto ambaye hatajwi nyumbani je?

Hapa twagusa jambo lenye maumivu. Fomu huuliza juu ya watoto wote, hata wa ndoa ya zamani, hata aliyezaliwa nje ya ndoa, hata anayelelewa na bibi yake kijijini au na mama yake mzazi. Kwa hiyo siku ya kujaza fomu huweza kuwa siku ya kufunuliwa kwa siri ya miaka mingi.

Dada mpendwa, ikitokea hivyo nyumbani mwako, hatutakuambia kwamba ni jambo dogo. Lia kama unahitaji kulia. Chukua siku kadhaa kabla ya kurudi mezani. Lakini mtakaporudi, kumbuka kwamba mtoto huyo hakuchagua kuzaliwa. Jina lake likiachwa, yeye ndiye atakayefungiwa mlango, na huenda uongo huo ukabomoa ombi la watoto wako mwenyewe pia. Vivyo hivyo, kama ni wewe uliyekuja katika ndoa na mtoto, usikubali aachwe eti "tutamwita baadaye." Akisafiri pamoja nanyi, mtahitaji ridhaa ya mzazi mwenzake iliyoandikwa. Ianzeni mapema.

Wewe nawe una alama

Wanawake wengi hudhani kwamba katika ombi la mume wao ni mizigo tu. Si kweli. Mke anayesafiri pamoja na mumewe huweza kuleta hadi alama 40. Mtihani wake wa lugha huleta hadi 20, kisomo chake hadi 10, na kazi aliyoifanya Kanada, kama ipo, hadi 10. Tuliona jinsi alama ya chini ilivyopanda kutoka 388 hadi 505. Katika mashindano kama hayo, alama 20 za lugha zaweza kuwa ndizo zilizobeba nyumba nzima. Basi mume akienda darasa la Kiingereza jioni, panga ratiba ili nawe uende.

Tena hakuna sheria inayosema kwamba mwombaji mkuu awe mume. Kumbuka wale wapishi na waokaji mikate. Kama wewe ndiwe uliyepika hotelini miaka minne, na una barua ya mwajiri kushuhudia, huenda wewe ndiwe mwenye nguvu zaidi. Hesabuni alama za pande zote mbili kabla ya kuamua ni jina la nani litangulie. Mume mwenye busara hataona haya.

Kuna kazi nyingine ambayo wake wa mafundi huifanya vizuri kuliko waume zao: kutunza karatasi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi wa jua kali aweza kuwa amejenga nusu ya mji, lakini bila stakabadhi hana la kuonyesha. Tafuta jalada moja gumu. Weka humo leseni ya biashara, stakabadhi za malipo, mikataba, na barua za wateja zinazotaja kazi, tarehe na malipo. Kama ameajiriwa, barua ya mwajiri itaje cheo, kazi alizofanya, saa kwa wiki, mshahara, na tarehe za kuanza na kumaliza.

Weka pia vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa. Je, ndoa yenu ilikuwa ya kimila, mahari ikatolewa na wazee wakabariki, lakini haikuandikishwa? Nchini Kenya sheria ya ndoa ya mwaka 2014 yataka hata ndoa za kimila ziandikishwe. Nchini Tanzania vyeti vya kuzaliwa hutolewa na RITA. Kashughulikieni mapema. Ofisa wa mbali hakuwapo siku ya harusi yenu. Yeye huiona kwa karatasi tu.

Hesabu ya fedha

Hapa kalamu na karatasi zahitajika. Kwa viwango vilivyoanza tarehe 30 Aprili 2024, ada ya ombi pamoja na ada ya haki ya ukaazi ilikuwa dola za Kanada 1,525 kwa kila mtu mzima na 260 kwa kila mtoto. Kwa baba, mama na watoto wawili, hiyo ni dola 3,570. Ongeza mitihani ya lugha, uchunguzi wa afya, alama za vidole, cheti cha polisi cha tabia njema, na tikiti za ndege.

Halafu kuna fedha za kujikimu. Hizi hazilipwi kwa serikali, bali lazima zionekane katika benki kuwa ni zenu, wala si za kuazima. Kwa familia ya watu wanne kiwango cha mwaka 2024 kilikuwa dola za Kanada 27,297, nacho hurekebishwa kila mwaka. Mke na watoto huhesabiwa hata kama hawasafiri. Aliye na kibali cha kufanya kazi Kanada pamoja na ahadi halali ya ajira huko hasamehewi ada, ila husamehewa sharti hili la fedha za kujikimu.

Msiuze shamba kabla ya kuitwa. Kujiandikisha katika Express Entry ni bure. Mtu akiisha kuitwa hupewa siku 60 za kupeleka ombi kamili, na hapo ndipo ada kubwa hulipwa. Wengi wameuza kiwanja mwanzoni, wakangoja miaka miwili, wakabaki bila kiwanja wala viza.

Jihadhari na wauza ndoto

Penye uhitaji hapakosi mlaghai. Atakuja na suti nzuri, na pengine hata na maneno ya kanisani. Haya yatakusaidia kumtambua:

• Kwa sheria ya Kanada, wanaoruhusiwa kutoza fedha kwa ushauri wa uhamiaji ni mawakili walioidhinishwa, wathibitishaji wa sheria wa Quebec, na washauri waliosajiliwa na chuo chao cha taaluma kilichofunguliwa Novemba 2021. Majina yao huweza kutafutwa katika orodha za wazi. Asiyemo asilipwe.

• Mwajiri anayetaka kumleta fundi kutoka nje mara nyingi huhitaji idhini ya serikali yake. Ada ya idhini hiyo ni dola 1,000, naye hairuhusiwi kuidai kwa mfanyakazi. Anayekuuzia idhini hiyo anavunja sheria.

• Hakuna mtu awezaye kuahidi viza. Hata wakili bora hawezi.

• Wakala wa ajira hapa nyumbani awe na leseni. Nchini Kenya uliza kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Nchini Tanzania uliza kwa wizara inayohusika na kazi.

• Anayesema "mke asijue kwanza" mkimbieni.

Kwa kuwa masharti na ada hubadilika mara kwa mara, kabla ya kulipa chochote mhakikishe kila jambo katika matangazo rasmi ya serikali ya Kanada.

Mkikubaliana kutengana kwa muda

Huenda mkiisha kupima yote mtaona ni lazima baba atangulie kwa kibali cha muda. Ndoa nyingi zimevuka kipindi hicho salama. Zilizovuka zilipanga mambo mapema. Basi zungumzeni maswali haya kabla ya safari, na majibu yaandikwe:

• Atatuma kiasi gani, na siku gani ya mwezi? Kumbukeni kwamba kazi nyingi za ujenzi hupungua wakati wa baridi kali.

• Fedha zitatumwa kwa nani? Mama mkwe atasaidiwa kutoka fungu lipi, ili kusiwe na manung'uniko?

• Tutazungumza kwa simu saa ngapi, watoto wakiwa macho?

• Nakala za pasipoti, kibali na mkataba wa kazi ziko wapi nyumbani?

• Ni tarehe gani tutaketi tena na kuamua kama tuendelee au arudi?

Swali la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. "Mwakani" si tarehe. Andikeni mwezi na mwaka.

Rudi mezani

Tumrudie yule fundi umeme na karatasi yake mfukoni. Mkewe afanye nini? Asimkatize kwa kelele, wala asikubali kwa kicheko tu. Amwambie hivi: "Baba watoto, nimefurahi kwamba umenishirikisha. Keti. Nisomee fomu hiyo, mstari kwa mstari."

Na wakifika pale penye swali juu ya mke na watoto, waandike kweli yote. Jina la mama. Jina la kila mtoto. Hapo, hata ombi likikataliwa, watakuwa wamebaki familia moja isiyofichana kitu. Na likikubaliwa, hakuna atakayesimama mlangoni akiambiwa kwamba jina lake halimo.